Kahawa ya Kiarabu ya iliki na zafarani: jinsi ya kuipika nyumbani kuanzia buni mbichi

Mtu aliyezoea kahawa ya mwambao, ile nyeusi tii inayouzwa barazani na kashata pembeni, akipewa kwa mara ya kwanza kahawa ya Riyadh hudhani ameletewa chai ya rangi iliyopauka. Ni ya manjano, imejaa iliki, inanukia zafarani, na sukari haimo hata chembe. Wapo wanaouliza kahawa yenyewe iko wapi. Imo humo humo, ila buni yake imekaangwa kidogo tu ikaepuliwa mapema. Hapo ndipo penye siri yote ya kinywaji hiki. Ukiikaanga buni mpaka ikawa nyeusi, hata utie zafarani ya bei gani, utapata kahawa chungu yenye viungo. Nayo ni tamu kwa njia yake, lakini siyo hii.

Kahawa ya Kiarabu zipo za namna nyingi. Ninayoieleza hapa ni ya Najd, sehemu ya kati ya Saudi Arabia, kwa sababu ndiyo yenye rangi nyepesi kuliko zote na ndiyo inayowatatiza watu. Mwishoni nitagusa ya Oman na nyingine za jirani. Dada zetu wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania waliofanya kazi kwenye majumba ya Ghuba wanaipika hata usingizini. Kama unaye mmoja karibu, mwite jikoni. Atakurekebisha mambo ambayo maandishi hayawezi.

Vitu vya kuandaa

Kwa lita moja ya maji, inayotosha watu sita hadi wanane wanaokunywa kwa vifinjani:

- buni ya Arabika iliyokaangwa kidogo na kusagwa chengachenga, vijiko 4 vya chakula (kama gramu 30)
- iliki iliyotwangwa, vijiko 2 vya chakula
- karafuu nzima, 5 au 6
- zafarani, kiasi cha kubana kwa vidole viwili
- maji, lita 1 na robo kikombe, maana mengine yatapotea kwa mvuke

Kuhusu vyombo, sufuria ndogo ya kawaida inatosha kupikia. Dele la shaba lenye mdomo uliochongoka linapendeza mbele ya wageni, lakini siku hizi hata huko Ghuba kahawa hupikwa jikoni ikamiminwa kwenye chupa ya chai. Vifinjani visivyo na mkono ndivyo vyake. Ukikosa, tumia vikombe vidogo vya kahawa ulivyo navyo.

Neno moja kuhusu buni. Wasaudi hununua sana buni ya Ethiopia, na ile ya milima ya Yemen na ya Jazan, kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, ina heshima yake ya pekee. Sisi tunayo Arabika nzuri mlangoni: ya Kilimanjaro, Mbozi, Mbinga, Nyeri, Kirinyaga. Waulize wakaangaji wadogo wa kahawa mjini wakuuzie buni mbichi, ile ya kijani iliyokwisha kobolewa. Usichukue Robusta ya Kagera kwa kazi hii. Wahaya wanajua kuichemsha na kuikausha wakaitafuna, na hapo iko mahali pake, lakini ukiikaanga kidogo kwa ajili ya kahawa ya manjano itakupa ladha ya nafaka mbichi na uchungu juu yake.

Iliki inunue ikiwa ndani ya maganda, ya kijani, iliyofunga. Iliyopauka na kupasuka imeshapoteza harufu, na iliki ya unga inayouzwa kwenye vipakiti usiiguse kabisa. Kwenye pilau inaweza kujificha, hapa haina pa kujificha. Darajani Unguja na Marikiti Mombasa hutakosa iliki nzuri, ila ifungue moja uinuse kabla hujalipa. Karafuu za Pemba hazihitaji sifa yangu.

Zafarani ndiyo inayoghushiwa zaidi. Chukua nyuzi mbili tatu, zitie kwenye maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe cheupe. Ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikiwa maji yamekuwa mekundu papo hapo na uzi umebaki mweupe, umeuziwa kitu kilichotiwa rangi.

Kukaanga buni

Hatua hii isome mara mbili. Zilizobaki mtu yeyote aliyewahi kupika chai ataziweza.

Anza na robo kilo ya buni. Imwage kwenye ungo uichambue: toa vijiwe, punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na zile nyeupe zilizosinyaa. Punje moja mbovu inaharibu birika zima, hasa katika kahawa nyepesi ambayo haina moshi wa kufunika aibu.

Pasha moto kikaango kizito na kipana, cha chuma au cha udongo, kwa moto wa wastani. Kiwe kikavu, hakuna mafuta. Mimina buni itandae isizidi tabaka mbili, halafu koroga kwa mwiko wa mti. Usiache kukoroga. Usijibu simu, usiende kufungua mlango. Punje ikikaa upande mmoja nusu dakika tu itapata doa jeusi wakati ubavu wa pili bado ni wa kijani, na mchanganyiko huo ndio unaoleta kahawa yenye uchungu na ukakasi kwa pamoja.

Dakika tatu nne za mwanzo hutaona kitu isipokuwa mvuke na harufu ya majani makavu. Kisha rangi inaanza kugeuka: kijani inafifia, inakuja manjano iliyopauka. Watu wengi hapa hufurahi wakaepua. Bado. Buni ya hatua hii ndani ni mbichi, na ukiipika itakupa maji yenye ladha ya mahindi ya kuchemsha. Endelea kukoroga mpaka harufu ya majani iondoke na ije harufu ya mkate unaookwa. Rangi sasa inakuwa ya dhahabu iliyokolea, vikapi vyembamba vinaanza kuchubuka na kuruka. Ukiuma punje iliyopoa kidogo, inavunjika kwa meno badala ya kubonyea.

Epua sasa. Kwa moto wa kawaida utakuwa umefika hapo baada ya dakika nane hadi kumi hivi, lakini saa isikudanganye. Pua na macho ndiyo yenye kauli. Ukiendelea dakika moja au mbili zaidi utasikia punje zinaanza kupasuka kwa sauti, tah, tah, mithili ya bisi. Huo ni mpasuko wa kwanza. Watu wa Najd huepua kabla yake. Wanaopenda kahawa iliyokolea zaidi husubiri milio ya kwanza kwanza halafu wakaepua hapo hapo, na kwa mtu anayejifunza mimi ningependekeza afuate hao, kwa sababu mlio unasikika na hauna ubishi, tena buni iliyopasuka inasagika kwa urahisi. Ukishazoea, rudi nyuma kidogo kidogo. Buni ikianza kutoa moshi na kung'aa kwa mafuta, basi imekwisha kuwa ya kahawa ya barazani. Iweke kando uipikie tangawizi.

Usiiache kikaangoni hata kama umezima jiko, maana chuma kina moto wake na punje zina wao. Imwage kwenye ungo mara moja, ipepete mpaka makapi yatoke, itandaze ipoe. Nje upenuni ni pazuri kuliko jikoni. Robo kilo itakuwa imepungua, utabaki na gramu mia mbili na ushei.

Kama umechoka kusoma, kuna njia ya mkato: kwenye maduka ya bidhaa za Kiarabu kahawa hii inauzwa ikiwa imekwisha kukaangwa na kusagwa, hata ikiwa imechanganywa na iliki kabisa. Inanyweka. Lakini iliki iliyokaa miezi kwenye pakiti ni ile ile niliyokwambia usiiguse.

Kusaga

Buni iliyokaangwa kidogo ni ngumu. Waarabu wenyewe wanavyo vinu vya shaba vinavyolia kama kengele, na zamani mlio wake ulikuwa taarifa kwa majirani kwamba kahawa inaandaliwa. Kinu cha mti na mchi vinafanya kazi ile ile. Twanga kidogo kidogo na uzibe mdomo wa kinu kwa kiganja, la sivyo punje zitaruka hadi kwa jirani. Ukitumia blenda ya kusagia viungo, bonyeza sekunde chache, acha, bonyeza tena. Ukiiwasha moja kwa moja itapata joto na nusu ya kahawa itakuwa unga.

Unga hatuutaki. Tunataka chenga, ukubwa wa semolina au mkubwa zaidi kidogo, kwa sababu kahawa hii inachemka muda mrefu na haichujwi kwa kitambaa. Ile ya Kituruki ndiyo inayosagwa laini mpaka iwe vumbi. Watu huzichanganya hizi mbili, lakini hazina undugu katika upishi.

Iliki itwange mbali, pamoja na maganda yake. Wengine hutoa mbegu peke yake. Ladha inakuwa nyororo zaidi, na gharama inapanda pia. Kwa matumizi ya kila siku maganda hayana ubaya.

Kupika

Chemsha maji kwanza. Yakianza kutokota, punguza moto na utie kahawa kwa kijiko, taratibu, huku umeshika sufuria. Itaumuka na povu. Ukimwaga yote kwa pamoja itafurika na kuzima jiko. Povu likitulia, koroga mara moja, weka moto mdogo kabisa, funika nusu na uache ichemke polepole dakika 10 hadi 15. Buni nyepesi haitoi kilichomo haraka, ndiyo maana inahitaji muda huu. Kahawa nyeusi ukiifanyia hivi inakuwa chungu kama dawa ya malaria.

Karafuu zitie katikati ya safari, dakika ya tano au ya sita. Zikikaa tangu mwanzo zitatawala, na ulimi utakufa ganzi usihisi kingine.

Iliki ndiyo ya mwisho. Harufu yake inaondoka na mvuke, kwa hiyo ukiichemsha robo saa utakuwa umefukiza nyumba na kunywa maganda. Itie, ikoroge, iache dakika tatu hadi tano kwenye moto ule ule mdogo, kisha zima jiko. Funika, usitikise, subiri dakika tano ili mashapo yatue chini. Subira hii inakupunguzia kazi ya kuchuja.

Wakati huo andaa chupa. Isuuze kwa maji ya moto, mwaga, halafu weka zafarani mle ndani, ukiwa umeisugua kwa vidole au kuiponda na chembe ya iliki. Mimina kahawa taratibu kutoka juu ya sufuria, ukipitisha kwenye chujio laini la chai, na usimamishe mkono pale unapoona matope yanakuja. Funga chupa, iache dakika kumi. Ukiifungua, rangi itakuwa imekomaa na harufu itafika sebuleni kabla yako. Wenye madele ya kizamani huziba mdomo wa dele kwa ndani kwa nyuzinyuzi za mtende, zikashika mashapo wakati wa kumimina. Ni chujio la bure na linafanya kazi vizuri.

Onja kabla ya kupeleka. Iwe na uchungu mdogo sana mbele, kisha iliki, kisha ukali wa karafuu kwa mbali.

Kumimina

Mwaka 2015 UNESCO iliingiza kahawa ya Kiarabu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la Saudi Arabia, Oman, Falme za Kiarabu na Qatar. Jina walilopeleka liliitaja kuwa alama ya ukarimu, kwa hiyo ukipika vizuri ukaimimina ovyo umefanya nusu ya kazi.

Dele au chupa hushikwa kwa mkono wa kushoto, vifinjani kwa mkono wa kulia, na kifinjani hupokewa kwa mkono wa kulia pia. Anza na mgeni mwenye heshima zaidi au mzee kuliko wote, kisha fuata upande wa kulia. Mimina kidogo, robo ya kifinjani au theluthi. Kwetu kikombe kisichojaa ni uchoyo. Kule kifinjani kilichojaa pomoni kinamwambia mgeni anywe aende zake. Kidogo kinapoa haraka, kinanyweka, na kinampa mwenyeji sababu ya kurudi tena na tena kumwongezea.

Mwenye kumimina hubaki amesimama. Ataendelea kuongeza mpaka mgeni atikise kifinjani kushoto na kulia mara mbili tatu wakati wa kukirudisha. Hapo amesema basi. Ukirudisha bila kutikisa, usishangae kuletewa kingine. Wengi huishia vitatu.

Tende hutangulia au huambatana nayo, na ndizo zinazofanya kazi ya sukari. Tende laini na tamu sana zinafaa zaidi, kama zile za aina ziitwazo khalasi au sukari. Unamung'unya tende, unapiga funda la kahawa, na ule uchungu mdogo unakata utamu. Wakati wa Ramadhani mezani pa kufuturu kahawa hii na tende huwa mbele ya vyote. Wapo Wasaudi wa siku hizi wanaotia kijiko cha krima ya unga ili iwe nyeupe. Sipendi, lakini ni nyumba yao.

Za jirani

Oman hukaanga buni mbele zaidi, mpaka kahawia, na hutia iliki pamoja na maji ya waridi kidogo, yale tunayoyaita marashi mawaridi. Hakikisha ni ya kula, kwa kuwa yako pia ya kujipaka. Pembeni kunakuwa na matunda, tende na halua. Aliyekaa Unguja hatoona ugeni wowote hapo, kwa kuwa halua na kahawa zilivuka bahari pamoja na watu, zikienda na kurudi.

Ukishuka kusini, Jazan na Yemen, tangawizi inaingia. Yemen wana pia kishri: maganda makavu ya buni yanachemshwa na tangawizi, wakati mwingine mdalasini na sukari, buni yenyewe haimo. Wakulima wa kahawa wa kwetu wangeweza kuipika kila siku kwa kile kinachotupwa, mradi maganda yamekaushwa safi juani na hayakupigwa dawa. Na kaskazini, kwa Mabedui wa Jordan na Syria, mambo yanageuka: buni inakaangwa nyeusi, inachemshwa saa nyingi, inakolea hadi funda moja linatosha.

Ikikushinda

Kama ina ladha ya majani au mahindi, buni haikuiva. Irudishe kikaangoni hata kama ilishapoa, dakika mbili tatu, haitakuwa bora kabisa lakini itafaa. Kama ni chungu, umekaanga sana au karafuu zimezidi; punguza karafuu kwanza kabla hujalaumu buni. Ikiwa nyepesi mpaka unahisi maji matupu, ongeza muda wa kuchemsha kabla ya kuongeza kahawa. Ikiwa na matope, umesaga laini au hukusubiri itue.

Na ikiwa kila kitu kiko sawa ila kuna harufu ya kitu kingine kwa nyuma, nusa chupa. Chupa iliyobeba chai ya maziwa miaka mitatu haisafishiki kwa sabuni peke yake. Iwekee maji ya moto na kijiko cha baking soda usiku kucha, au tenga chupa ya kahawa peke yake.

Buni iliyobaki itie kwenye kopo lisiloingiza hewa, mbali na jiko na jua, na usage kiasi cha siku hiyo tu. Wiki mbili tatu itakuwa bado na nguvu. Kahawa iliyokwisha kupikwa inakaa kwenye chupa nusu siku bila tatizo, lakini usiirudishe motoni, maana ikichemka mara ya pili zafarani inapoteza harufu na karafuu inabaki peke yake. Ikipoa, inywe baridi.